Jinsi ya kuvuta faiba mtaani kwenu kwa kuzishindanisha kampuni

Watu wengi nikiongea nao kuhusu intaneti ya nyumbani wanadhani faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, inakuja mtaani kama barabara ya serikali, yaani unakaa unangoja zamu yenu ifike. Sivyo. Faiba inaletwa na kampuni inayotafuta pesa, na kampuni ya aina hiyo ina kitu kimoja inachoogopa kuliko gharama ya kuchimba, nacho ni kampuni nyingine kufika kwanza. Ukishaelewa hapo unagundua wapangaji na wenye nyumba wana nguvu ambayo hawajawahi kuitumia, na hapa nataka kuonyesha namna ya kuitumia, uwe unakaa Roysambu ama Kisumu ama Mtwapa, mahali popote Kenya penye nguzo za stima na watu waliochoka kununua bando.

Tuanze na hesabu wanayopiga wao, maana bila hiyo utaomba vibaya.

Kampuni ikitazama mtaa wako inaona vitu viwili: nyumba ngapi waya utapita mbele yake, na ngapi kati ya hizo zitalipa. Pesa nyingi haiendi kwa waya wenyewe. Inaenda kwa mitaro, kwa lami inayokatwa na kurudishiwa, kwa vibali vya kaunti, kwa kodi ya nguzo za Kenya Power, kwa mafundi wa kupanda juu. Na hiyo pesa ikishatoka imetoka, upate mteja mmoja ama upate mia. Ndio maana mitaa mingi ya Nairobi faiba inapita juu kwa nguzo, kuchimba ni ghali mno.

Sasa angalia vile waya unavyogawanywa. Faiba nyingi za nyumbani zinatumia teknolojia ya GPON, ambapo uzi mmoja wa kioo unatoka kwa kituo cha kampuni, unatembea hata kilomita kadhaa, halafu karibu na nyumba zenu unaingia kwa splita, kile kiboksi cha kugawanya, ambayo inaugawa kwa nyumba 32 ama 64. Huo uzi mmoja unabeba karibu Gbps 2.5 (gigabiti kwa sekunde, Gbps 1 ni Mbps 1,000) za kushusha na 1.25 za kupandisha, na wote mliounganishwa hapo mnagawana. Boksi la nyumba 32 likijaa, kampuni inapata pesa kila mwezi bila kuongeza karibu chochote. Boksi hilohilo likiwa na wateja watatu ni hasara imening'inia kwa nguzo.

Tuseme ploti yenu ina nyumba 40 na 15 wako tayari kulipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni 45,000 kila mwezi kutoka jengo moja, pengine kwa kuvuta waya wa nguzo mbili au tatu tu. Linganisha na mtaa wa maboma kule nje ya mji ambapo kutoka geti moja hadi lingine ni mita 60, na kati ya nyumba kumi mbili bado zinajengwa. Huyo meneja wa kampuni si mtu mbaya akipita kwenu akaenda kwa wenye maghorofa, anafuata namba.

Halafu ongeza mshindani kwenye hiyo hesabu. Nyumba ikishaunganishwa na kampuni fulani kuivuta itoke ni kazi kwelikweli, ruta imeshapigiliwa ukutani, paswadi iko kwa simu za watoto wote na ya dada wa kazi na TV, nani ana nguvu ya kuanza upya? Kwa hivyo anayefika wa kwanza anabeba wale walio tayari kulipa, na wa pili anaokota waliobaki. Kampuni zinajua hii vizuri sana. Mtaa ambao zilikuwa zimeuweka kwa mpango wa mwaka ujao unaweza kusogezwa mbele ghafla kwa sababu tu mafundi wa kampuni nyingine wameonekana wakipima nguzo.

Na usidhani nabuni, historia ya intaneti ya Kenya yote imeenda hivi. Baada ya shirika la zamani la posta na simu kugawanywa 1999, Telkom Kenya ilibaki na haki ya kipekee ya kupitisha intaneti kwenda nje mpaka 2004. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za hapa ziliungana zikaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki Nairobi, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isizunguke angani kwa setilaiti mpaka ng'ambo ndio irudi. Telkom ikalalamika, kituo kikafungwa muda mfupi tu baada ya kuanza, kikaja kufunguliwa tena 2002. Hiyo ndiyo hali ya pasipo na ushindani, hata kitu cha kurahisisha kazi ya kila mtu kinafungwa.

Halafu zikaja kebo za baharini, zile za kuunganisha intaneti ya nchi na nchi. Mpango wa EASSy, kebo ya pamoja ya pwani ya mashariki ya Afrika, ulizungumzwa miaka na miaka, nchi nyingi, vikao vingi, mabishano ya nani atamiliki nini. Serikali ya Kenya ikachoka kungoja, ikaanzisha ya kwake pamoja na kampuni za simu, TEAMS, kutoka Mombasa mpaka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na Bitange Ndemo aliyekuwa katibu wa wizara wakati huo alikuwa mmoja wa walioisukuma sana. Wakati huohuo SEACOM, ambayo ni ya watu binafsi, nayo ikawa mbioni. TEAMS ilifika ufukweni Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kufanya kazi Julai 2009, na EASSy nayo ikakamilika 2010. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa haina kebo hata moja ya aina hiyo, na ndani ya kama mwaka mmoja zikawa tatu. Kila mmoja alikuwa anamkimbiza mwenzake.

Kwa upande wa nyumbani ni hadithi hiyohiyo. Zuku ya Wananchi Group ndiyo iliyotangulia kwa nyumba nyingi za Nairobi, Jamii Telecommunications ikaingia na huduma yake iliyoiita Faiba, halafu Safaricom ambayo wengi waliijua kama kampuni ya simu tu ikaanza kupeleka waya majumbani na mwishowe ikawa ndiyo kubwa kuliko zote, zaidi ya theluthi moja ya wateja wa intaneti ya nyumbani na ofisini kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano za 2024. Poa Internet ikaenda kwenye mitaa ambayo wakubwa walikuwa wanaipita, Kibera na Kawangware, na bei yake ikalenga mtu wa kipato kidogo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 2024. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilikuwa imeingia Kenya Julai 2023, mwanzo kifaa chake kilikuwa ghali sana, ila Agosti 2024 wakaleta mpango wa kukodisha kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Safaricom tayari ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea bali wafanye kazi kupitia kampuni zilizopo. Watu mtandaoni wakapiga kelele. Septemba, Safaricom ikapandisha spidi za faiba yake bila kuongeza bei: wa Mbps 10 akapewa 15, wa 20 akapewa 30, wa 40 akapewa 80, na wa 100 akarushwa mpaka 500, na juu yake wakaweka kifurushi kipya cha Gbps 1 kwa shilingi 20,000. Sasa jiulize, ule waya ulibadilishwa? Kwa mteja wa kawaida waya ni uleule uliokuwa ukutani. Uwezo ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuwasukuma.

Haya, twende kwa kazi yenyewe.

Anza kwa kutembea na kuangalia juu. Kabla hujampigia mtu yeyote simu, zunguka mtaa wenu mchana na uangalie nguzo. Waya wa faiba si wa stima, unakaa chini zaidi kwa nguzo, ni mweusi na mwembamba, na mara nyingi una maandishi madogo ya jina la kampuni yaliyochapishwa kando. Vile viboksi vyeusi ama vya kijivu vilivyofungwa kwa nguzo, ama vilivyoning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili, hivyo ndivyo vinavyokuonyesha mtandao umefika wapi. Piga picha, andika nguzo iko kona gani, karibu na duka gani, kisha upime kwa ramani ya simu ni mita ngapi mpaka geti lenu. Hii ni taarifa ya dhahabu. Ukimwambia mtu wa kampuni boksi lao liko mita 180 kutoka kwenu na kuna nguzo nne katikati, umemfanyia nusu ya kazi, na anajua unaongea kitu unachokijua. Ukiona waya wa kampuni mbili umepita barabara yenu ya mbele lakini haujaingia ndani, furahi, mko karibu sana.

Ukiona hakuna waya wowote, tembea zaidi mpaka uupate ulipoishia. Lazima umeishia mahali, na majirani wa kati ya hapo na kwenu ndio washirika wako.

Kisha kusanya watu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanakusanya malalamiko badala ya wateja. Kampuni haijali kwamba watu 200 wamekasirika, inajali kwamba watu 47 watalipa. Kule Marekani Google ilipoingia Kansas City iligawanya jiji kwa vitongoji, na 2012 ikawaambia watu kila mmoja ajiandikishe kwa kulipa dola 10, kitongoji kikifikisha idadi ndio kinachimbiwa. Watu wakawa wanagonga milango ya majirani wenyewe, wakijua bila jirani na wao hawapati. Na mwaka uliofuata, Aprili 2013, Google ilipotangaza inaenda Austin, siku hiyohiyo AT&T nayo ikatangaza kwamba itajenga mtandao wa gigabiti palepale. Siku hiyohiyo! Kwa hivyo hii njia ya kujiandikisha kwanza imeshajaribiwa na ilifanya kazi, hata kama kwenu hakuna wa kuitisha dola 10.

Tengeneza fomu fupi ya mtandaoni na uitume kwa grupu la WhatsApp la jengo ama la mtaa. Ujumbe uwe mfupi, kama hivi:

"Habari zenu majirani. Tunataka kuleta faiba hapa kwetu na tunataka kampuni zisizopungua mbili ili tuwe na la kuchagua. Kama uko tayari kuunganishwa ndani ya siku 30 baada ya waya kufika, jaza fomu: namba ya nyumba, spidi unayotaka, pesa unayoweza kulipa kwa mwezi, na kama kwa sasa unatumia intaneti gani. Namba ya simu jaza ndani ya fomu, msiiweke hapa kwa grupu."

Hilo swali la pesa unayoweza kulipa ni muhimu sana, usilitoe. Utashangaa kuona wenye bedsita wengi wanaandika 1,500 na wachache wanaandika 4,000, na hiyo inakuambia uanze na kampuni gani. Na majina pamoja na namba za simu za watu usizitoe kwa kampuni mpaka kampuni imekubali kuja, toa idadi na spidi tu. Mbali na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu, hizo namba ndizo karata yako, ukizitoa mapema ajenti atapigia watu mmoja mmoja na nguvu ya pamoja imekwisha.

Usiishie kwa jengo lenu. Majengo matatu yanayofuatana yana uzito mkubwa kuliko moja mara tatu, kwa sababu ile gharama ya kuvuta waya kutoka barabarani ni ileile. Ongea na makeyateka wa kando, na mama wa duka, na yule wa saiba, na shule ndogo iliyo hapo kama iko. Wateja wa biashara wanalipa zaidi na wanaweza kubeba mtaa mzima.

Halafu kuna landilodi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo faiba nyingi hufia. Waya unaweza kufika getini na ukakaa hapo mwaka mzima. Sababu zake ni chache na zinajulikana: anaogopa ukuta kutobolewa ovyo, ama keyateka anaitisha chai kwa mafundi kabla ya kufungua geti, ama ameshasaini na kampuni moja kwamba hakuna mwingine ataingia.

Ile ya kwanza inatatuliwa kwa heshima na mpango. Usiende kulalamika, nenda na pendekezo. "Mzee, habari yako. Tumekuja kwa niaba ya wapangaji, tunaomba ruhusa ya kampuni za faiba kuingia, na tunapendekeza kuwe na njia moja tu ya waya kutoka chini mpaka juu, bomba moja kubwa la plastiki, kila kampuni ipitishe humo, isitobolewe ovyo." Mwenye nyumba yeyote mwenye akili ataona faida, maana siku hizi mtu anayetafuta nyumba anauliza maji, anauliza usalama, halafu anauliza wai-fai. Ila sisitiza hilo bomba liwe la jengo na si la kampuni. Kampuni ya kwanza ikiweka bomba lake na kulifunga kwa kufuli, wa pili akija ataambiwa hakuna nafasi, na mtakuwa mmejifungia ndani wenyewe. Bomba la kawaida na viboksi vya kila ghorofa si gharama kubwa, hata wapangaji mnaweza kuchanga mkamaliza.

Ya keyateka malizeni waziwazi. Kama kuna kazi ya ziada anayofanya ya kufungulia mafundi na kusimamia, mkubaliane na landilodi alipwe kitu kinachojulikana, ama mumchangie. Ila asiwe ndiye anayeamua ni kampuni gani inaingia kulingana na nani amemtoa vizuri.

Ya tatu ndiyo nzito. Kuna majengo na maesteti makubwa, hasa yale yenye meneja wa kulipwa, ambapo kampuni moja imepewa haki ya peke yake na mwenye jengo anapata kitu kwa kila nyumba inayounganishwa. Mimi nimekaa mahali kama hapo, bei ilipanda, huduma ikashuka, na ukilalamika unaambiwa uhame. Usikubali kwamba hilo ni jambo la kawaida tu. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 21, inakataza makubaliano yanayozuia ushindani, na kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipelekea malalamiko. Andikeni barua kwanza kwa meneja wa esteti, kwa upole, mkiuliza kama kuna mkataba wa peke yake na unaisha lini. Swali hilo tu likiwekwa kwa maandishi na kusainiwa na wapangaji wengi mara nyingi linafungua geti. Kama bado mnanunua nyumba ama mnajenga chama cha wakazi, liwekeni kwa kanuni tangu mwanzo kwamba hakuna mkataba wa peke yake.

Ukishapata barua ya landilodi, hata iwe mistari mitatu na sahihi, sasa ndio utafute kampuni. Zitafute zote siku moja. Hili usilipuuze. Ukianza na moja ukangoja majibu ukaenda kwa nyingine, umewapa raha ya kukungojesha. Na usipige ile namba ya huduma kwa wateja, wale hawaamui mahali pa kuvuta waya. Tafuta ajenti wa mauzo wa eneo lenu, wale wanaotembea na fulana za kampuni ama wanaosimama na mwavuli karibu na supamaketi, umuombe namba ya kiongozi wa timu yake. Ajenti analipwa kwa wateja anaoleta, kwa hivyo ukimwambia una orodha ya watu 47 atakimbia mwenyewe kumtafuta mkubwa wake.

Ujumbe wa kumtumia mkubwa uwe na namba na tarehe:

"Habari ya asubuhi. Naandika kwa niaba ya wapangaji wa majengo matatu yanayofuatana, jumla nyumba 120. Watu 47 wamejiandikisha kuunganishwa ndani ya mwezi mmoja, 30 wanataka kifurushi cha chini na 17 cha kati. Boksi lenu la karibu liko kwa nguzo ya kona, kama mita 180 kutoka getini, picha nimeambatisha. Barua ya mwenye jengo iko. Leo tumewaandikia pia kampuni nyingine mbili. Naomba kujua kufikia Ijumaa ya wiki ijayo kama mtakuja kupima."

Sema ukweli kuhusu hizo nyingine mbili, usitishie na kampuni ambayo hujaiandikia. Hawa watu wanajuana, wengi wamefanya kazi kwa kampuni zote tatu, uongo unajulikana kabla ya jioni.

Wakijibu "tuko na mpango wa eneo lenu, ngojeni kidogo", uliza ni mwezi gani na waandike. Wakikwepa kuandika, hakuna mpango. Hapo endelea na wengine na umrudishie habari yule wa kwanza kila kitu kikisonga: leo wenzenu wamekuja kupima, leo wameleta nguzo. Unamwarifu tu kwa heshima, naye atapeleka habari hiyo ofisini kwao haraka kuliko ombi lako lote.

Akishafika wa kwanza, usishangilie ukasahau wa pili. Hili ndilo kosa kubwa la mitaa mingi, kampuni moja inaingia, watu wote 47 wanajiunga siku moja, na kampuni ya pili ikipiga hesabu inaona hakuna aliyebaki. Kama mnaweza, gawaneni. Wale wasio na haraka wangoje, ama wajiunge na ya kwanza bila mkataba wa mwaka. Uliza mambo haya kabla ya kusaini chochote: kuunganishwa ni bure ama ni pesa, ruta ni yangu ama ni yenu, nikiondoka mnanidai nini, kuna kikomo cha matumizi ambapo spidi inapunguzwa, na spidi ya kupandisha ni ngapi. Hiyo ya kupandisha wengi hawaiulizi, halafu mtoto akianza masomo ya video ama wewe ukituma kazi kwa mteja ndio unagundua.

Kupima spidi fanya kwa waya, chomeka laptopu moja kwa moja kwa ruta, na fanya saa mbili mpaka saa nne usiku wakati kila mtu yuko nyumbani. Kwa wai-fai utapima ukuta wa nyumba yako, si kampuni. Ikiwa usiku inashuka sana na asubuhi iko sawa, hilo tatizo ni lao, ama boksi limejaa ama njia yao kuu ya kuleta intaneti mtaani ni nyembamba. Weka picha za vipimo kwa tarehe. Tatizo lisiposhughulikiwa baada ya kuwaandikia, unapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa na ushahidi, na unaweka pia kwa grupu ili majirani wajue kabla hawajajiunga.

Jambo lingine watu hawalifikirii: kampuni mbili mlangoni hazikusaidii sana kama zote zinapita njia moja. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja kule kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba siku kadhaa, Tanzania wakaumia zaidi. Mtaani ni vilevile, lori likigonga nguzo ya kona linakata waya wa kila kampuni iliyofunga hapo. Kwa hivyo ukichagua kampuni ya pili, na unafanya kazi nyumbani, chagua ile inayoingia kutoka upande mwingine wa barabara hata kama ni ghali kidogo.

Na ninyi mlio mbali kabisa na mji, ambapo hata nguzo ni chache? Huko ushindani wa faiba peke yake hautawafikia haraka, na nitasema wazi kwamba hii ndiyo kasoro yake, kampuni tatu zinagombania Kilimani wakati tarafa nzima haina hata moja. Njia inayofanya kazi ni kuonyesha wateja kwanza kwa teknolojia nyingine. Kampuni ya Mawingu ilianzia Nanyuki na intaneti ya kupitia hewani mahali ambapo hakuna aliyedhani pana soko. Kampuni ndogo za kaunti nazo zipo, zinanunua kwa jumla na kusambaza kijijini, ila kabla hujalipa angalia kama iko kwa orodha ya wenye leseni kwa tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na setilaiti inasaidia, ila ijue mipaka yake: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuchukua wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu kwa sababu uwezo wa eneo ulikuwa umejaa. Kwa kijiji chenye nyumba zilizotawanyika ni sawa kabisa, kwa mtaa wa maghorofa haiwezi kubeba kila mtu, na kampuni za faiba zinajua hivyo. Watu 20 wakishakuwa wanalipia intaneti ya hewani kijijini, sasa una orodha ya kumpelekea mwenye faiba, na safari hii si ya watu wanaosema watalipa, ni ya watu wanaolipa tayari.

Orodha yenu isasishwe kila mara watu wanapohama, na kila mwaka waulize tena kampuni zote bei na spidi mpya. Ukiamua kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, waambie pia waje watoe waya wao wa zamani kutoka kwa bomba na kwa nguzo ya getini. Usiuache ukining'inia, maana bomba likijaa waya uliokufa, fundi wa kampuni ya tatu akija atasema hakuna pa kupita.